Ya Tano Si Yangu

Niseme ukweli tangu mwanzo, kwa sababu waliokuwapo wote wanaujua: nilimwonea jirani yangu wivu kabla sijamtia machoni. Ndiyo kwanza nilikuwa nashuka kwenye tuktuk, mtoto begani, masanduku mawili na godoro lililofungwa kamba, jua la saa nane la Garissa limenisimamia utosini, na mume wangu anahangaika na kufuli la geti. Ndani nikasikia mwanamke anacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliye kwao. Mume wangu akasema bila kugeuka, "Huyo ndiye jirani," akalitabasamia lile geti. Tabasamu hilo nililiona, nikaliweka akiba.

Sisi ni watu wa Malindi. Mume wangu alipangiwa kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari hapa, akatangulia peke yake miaka miwili, na mimi nikabaki nyumbani kwa mama nikipigania uhamisho. Alikuwa akija likizo, na likizo moja ikatupa mtoto. Mimi ni karani wa masijala. Kazi yangu ni mafaili: kuyapokea, kuyapanga, na kuyatafuta wakubwa wanapoyapoteza, na mafaili yako kila mji. Uhamisho ulipotoka binti yetu alikuwa na miezi mitano. Siku ya kuondoka mama alinipa chupa ya mafuta ya nazi na wasia mmoja tu, nimnyonyeshe mtoto mpaka atimize miaka miwili, kazi isinikatize. Nilimwahidi kwa moyo mweupe. Nilijua nakwenda mahali ambapo kila mtu atakuwa mwenyeji kuliko mimi, hata mume wangu, lakini maziwa yangu ni yangu. Hilo lilikuwa jambo moja ambalo hakuna mwingine angeweza kumfanyia mwanangu.

Ploti yetu ilikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, uwanja wa mchanga katikati, mwarobaini mmoja na tangi moja la maji. Sisi tulikuwa upande wa jua la jioni. Yeye alikuwa upande mwingine, na watoto wanne, wa mwisho kijana wa miezi minane. Kwao ni Takaba, huko kaskazini. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa njia ya Mandera, anayeonekana nyumbani kama mwezi wa sikukuu. Kwa hiyo mwanamke yule aliendesha nyumba peke yake, na jinsi alivyoiendesha ndiyo iliyonila roho.

Kila kitu kilimtii. Asubuhi alimwagia sakafu maji kidogo, akatundika leso mbichi mlangoni, na nyumba yake ikabaki na ubaridi mpaka adhuhuri. Nikaiga. Kwangu pakawa tope mlangoni na joto lile lile ndani. Mwenye mkokoteni wa punda alimjazia yeye maji kwanza, hata kama mimi ndiye niliyempigia simu. Buchani niliwahi kufika mapema nikapewa mifupa. Siku ya pili nikaenda naye, akasema maneno mawili ya Kisomali, akacheka, na muuzaji akanikatia mbavu nzuri huku akinitazama kama mtu aliyeletwa na mkubwa. Nilizipika mbavu zile kwa hasira. Zilikuwa tamu, nalo hilo likaniongezea.

Nilikuwa na silaha moja tu, Kiswahili. Yeye alisema "bole" na "fizuri," na ngeli alizimwaga zote kwenye sinia moja. Mimi nimekulia kwenye mashairi ya harusi, babu yangu alikuwa akirekebisha hata matusi ya watu. Kwa hiyo kila alipofungua mdomo nilikuwa namsahihisha kimyakimya, na hilo lilinipa raha ndogo. Raha yenyewe haikudumu, kwa kuwa mji mzima haukuwa na haja na ufasaha wangu. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakanijibu kwa Kiswahili cha kunimaliza, halafu wakamgeukia yeye wakaanza mazungumzo yenyewe.

Na kuna suala la anjera, ile mikate yao laini kama chapati za maji. Asubuhi yetu ya kwanza ilivuka uwanja sahani iliyofunikwa, imebebwa na binti yake mkubwa. Mume wangu akaifunua kama mtu anayefungua barua. Akazikunja zile anjera kwa vidole vitatu, akazichovya kwenye chai, akasema, "Miaka miwili sahani hii ndiyo iliyoniokoa." Jirani yule na mumewe walikuwa wamemchukua kama mdogo wao, kumbe, na mimi huko Malindi nikimhurumia kwamba anakula mkate mkavu. Kesho yake niliamka mapema nikasukuma mahamri, ya iliki, yaliyofura vizuri. Akala sita na akanisifu. Kisha sahani ikavuka uwanja, na akapata nafasi tena. Sikuwahi kujua kwamba tumbo la mwanamume yule lina vyumba viwili.

"Wewe unamwonea wivu," akaniambia siku moja, kwa utani.

"Mimi? Kwa lipi?" nikasema.

"Kwa yote," akasema, akaenda zake kusahihisha madaftari.

Lakini wivu wa mume ni wivu wa kuchekesha, unapita. Wa mtoto haupiti. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imekwisha na ofisi ilikuwa inanisubiri, na katika mji mzima nilikuwa simjui mtu wa kumwachia mwanangu. Mume wangu akamtaja yule niliyejua atamtaja. Nikavuka uwanja, nimejikaza kisabuni, nikaomba.

"Lete, abaayo," akasema. Abaayo ni dada kwa lugha yao, na aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, nami nikiona ananiharakisha. "Mtoto nne, mtoto tano, si ni ile ile? Lete."

Nikampa masharti. Kila asubuhi nilikamua maziwa, nikayatia kwenye chupa mbili, nikabandika karatasi juu yake kama mafaili: saa nne, saa nane. Chupa zilikaa kwenye friji yake, kwani sisi hatukuwa na friji. Nilimweleza namna ya kuyapasha moto, namna ya kumshika mtoto, namna ya kumcheulisha. Mwanamke aliyelea watoto wanne alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwalimu." Sijui kama alikuwa ananicheka.

Mwanangu akampenda. Siwezi kulizunguka jambo hili. Asubuhi nilipovuka uwanja alianza kurusha miguu akiwa bado mikononi mwangu, na jioni nilipokuja kumchukua alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Yule mwanamke alikuwa na mchezo mmoja. Alimlaza binti yangu karibu na kijana wake, akapiga makofi, akasema, "Huyu ni bibi ya kijana yangu! Abaayo, mahari nitatoa ngamia, sema ni ngapi!" Wanawake waliokuja kumtembelea waliangua kicheko. Mimi nilicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikuwa nafikiri: umeshachukua mji, umeshachukua tumbo la mume wangu, sasa unaanza kupanga na wajukuu.

Na kulikuwa na harufu. Wasomali hufukiza uunsi, ule ubani wao wa sukari na manukato, nguo na nyumba na nywele, na kila jioni nywele za mwanangu zilinukia nyumba ya pili. Ilikuwa harufu nzuri. Nikifika tu kwangu nilimwogesha, hata kama alikuwa amelala, nikampaka mafuta ya nazi ya mama mpaka ang'ae. Kuna wanawake wanaofua mashati ya waume zao wakiyanusa kwanza. Mimi nilikuwa hivyo kwa mtoto wa miezi sita.

Halafu ikaja wiki ile. Nilikuwa nimeshazoea chupa ya pili kurudi na maziwa yaliyobaki, lakini Jumatatu ile chupa zote mbili zilirudi tupu, zimeoshwa, zinang'aa. Jumanne vile vile. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Anayamaliza yote, ya mama yake." Jumatano vile vile. Ila kulikuwa na jambo ambalo sikulielewa, kwamba jioni mtoto alikuwa hanitaki. Nilimweka kifuani, akanyonya kidogo kwa heshima, akageuza kichwa akatazama taa. Kifua kiliniuma kama jipu. Nilikamua maziwa nikayamwaga kwenye beseni huku machozi yakinitoka, na nikasema moyoni kwamba mwanamke yule amemroga mwanangu kwa ubani wake. Kwa hiyo Jumatano na Alhamisi sikumsalimu vizuri. Niliingia, nikamtwaa mtoto mkekani, nikasema "asante" kama anayetema mbegu, nikatoka. Alhamisi alisema, "Abaayo, ngoja, neno moja..." Nikamwambia nina haraka. Haraka ya nini, hata leo sijui.

Ijumaa kabla ya sala nilikuwa nimekaa katikati ya rafu zangu. Simu ya mezani ikalia. Alikuwa bawabu wa getini.

"Mama ya mtoto yuko hapa. Anakuita."

"Mama ya mtoto gani?"

"Mtoto yako," akasema.

Nilisimama. Nilivuka ua lote la ofisi nikiwa na lile neno la bawabu masikioni. Kweli, jirani yangu alikuwa amesimama pale, mwavuli mweusi juu, jilbabu imemlowa jasho mgongoni, mwanangu amefungwa kifuani kwake na analia mpaka sauti imemkauka. Alikuwa ametembea. Kutoka kwetu mpaka ofisini ni mwendo wa nusu saa kwenye mchanga, na Ijumaa saa sita tuktuk zote ziko misikitini.

"Nyonyesha kwanza," akasema. "Bole, abaayo. Nyonyesha, kisha nitasema."

Bawabu akatupisha kibanda chake. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, mtoto akanishika kwa meno ambayo bado hakuwa nayo. Jirani yangu akafunga mlango kwa mgongo wake, akasema akitazama ukuta.

"Wiki hii stima ilikuwa inapotea kila siku saa mbili, wewe ukitoka tu, inarudi saa kumi. Bulla yetu yote, mtaa mzima. Maziwa yako imeharibika kwa friji, imenuka. Nikampa ya kopo, akatema. Nikampa ya ngamia na kijiko, akatema. Analia, analia. Jumatatu mimi nilimnyonyesha. Jumanne mimi. Jumatano mimi. Jana mimi. Mara moja moja, saa nane, akashiba akalala. Leo ndiyo nikakataa."

Ofisini tuna jenereta. Wiki nzima sikuwa nimejua kama umeme unakatika, na jioni nilikuta taa zinawaka. Maziwa yangu niliyoyabandika saa nne na saa nane alikuwa ameyamwaga, akaziosha chupa, akazipanga. Na mimi nilikuwa nimejisifu kwa mume wangu.

"Kwa nini leo ukakataa?" nikamwuliza. Nilikuwa najua. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani kwetu Malindi anajua hesabu hii, na wao wanaijua kama sisi, maana madhehebu yetu ni mamoja. Mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, mwanamke yule ni mama yake wa kunyonya. Watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, hawaoani milele, na hakuna kadhi wala machozi ya kulifuta hilo. Mara nne hazifungi kitu.

"Nne si kitu," akasema. "Nne ni maji ya kiu tu. Tano ni kitu. Ya tano si yangu. Ya tano ni yako kutoa."

Mtu mwenye akili timamu angemshukuru. Angemwekea mkono begani, angemtafutia maji ya kunywa. Mimi nilihisi damu inanichemka. Nne! Mara nne mwanangu alikuwa ameshiba kwa mtu mwingine, akaja kwangu jioni kunyonya kwa heshima.

"Ungeniuliza kabla ya ile ya kwanza," nikamwambia.

"Simu yangu imekufa wiki nzima. Jioni nilitaka kusema. Wewe ulikuwa unachukua mtoto kama unachukua kwa mwizi."

"Mwizi ni mtu anayechukua cha mwenzake bila kuuliza," nikasema. Kiswahili changu kilikuwa fasaha sana pale.

Hakukasirika, au hakuonyesha. Alifunga mwavuli, akaufungua tena. Kisha akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia, kwa sauti ya chini, bila mzaha wake wa kawaida.

"Leo alipolia, kifua yangu imemwaga yenyewe. Nilitaka, abaayo. Wallahi nilitaka. Ndiyo nikatoka kwa nyumba mbio, nisije nikafanya."

Akageuka akaenda zake juani. Nilimwacha atembee.

Tangu Jumatatu iliyofuata sikumpelekea mtoto. Mume wangu alinisikiliza, akasema yule mwanamke ametutendea wema ambao hata dada wa tumbo moja angefikiria mara mbili, na kwamba angekuwa yeye angekwenda kuomba radhi. Nikamwambia wewe nenda, umezoea kula huko. Nikaenda na mwanangu ofisini. Nilimtandikia leso kati ya rafu ya mafaili ya ardhi na ya wafanyakazi, nikamzungushia mafaili mazito kama ukuta, naye akawa analala kwenye vumbi la karatasi na kupiga chafya. Mkubwa wangu alijifanya haoni kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akaniuliza, kwa upole, faili hili dogo linalolia lina nambari gani.

Nyumbani uwanja ulinyamaza. Sahani haikuvuka tena. Jirani yangu alinisalimu kila asubuhi kama kawaida, "Subax wanaagsan, abaayo," nami nikaitikia. Mwanangu akimwona alirusha miguu, na mimi nikamgeuzia uso wake upande wa pili. Nilijiambia kwamba nimeshinda. Bado nilikuwa na wivu, tena mbaya zaidi, maana sasa nilikuwa namwonea wivu kwa siku nne ambazo zilikwisha pita. Nilikuwa najiuliza mwanangu alimshika wapi. Mimi hunishika kidole, huwezi kukitoa. Je, yeye pia alimpa kidole?

Malaria ikanipata wiki ya nne. Ilikuja kwa kishindo, nikalazwa siku mbili na maji ya mshipani, na mtoto akawa ananyonya pale pale kitandani. Siku ya kutoka homa ilikuwa imerudi kwa njia nyingine, daktari akabadilisha dawa, akaniandikia vidonge vikali akanionya, nisinyonyeshe kwa siku tatu, maana vinapita kwenye maziwa. Nikamwambia mtoto wangu ameshasahau chupa, na maziwa ya kopo huyatema. Akasema atajifunza.

Hakujifunza. Mume wangu aliomba ruhusa shuleni, akakaa naye tangu asubuhi chini ya mwarobaini. Chupa akatema. Kijiko akatema. Kikombe kidogo, bomba la sindano lisilo na sindano, kidole kilichochovywa, vyote akatema. Mimi nilikuwa ndani, mlango umefungwa, maana akinisikia tu alizidi. Adhuhuri kilio chake kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa kidogo, kikavu, na kina nafasi katikati. Nilifungua pazia. Ng'ambo ya uwanja jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono imekunjwa kifuani, inabana. Alitazama upande wa mwarobaini, akatazama dirisha langu, akaona kwamba namwona. Akarudi ndani akateremsha ile leso ya mlangoni.

Kwanza nikasema, moyo wa jiwe huo. Kisha nikaelewa. Hakuwa amekataa kuja. Alikuwa hana njia ya kuja. Njia ilikuwa kwangu.

Mume wangu akaniona natoka nimejishika ukuta. "Nimwite?" akauliza.

"Nitakwenda mwenyewe," nikasema. "Nipe mtoto."

Si mbali. Ni hatua ishirini, labda ishirini na tano kwa mgonjwa. Mchanga ulikuwa unachoma kupitia ndala. Mwanangu aliponusa kifua changu alianza kutafuta kwa mdomo, na mimi nikamshikilia mbali na mwili wangu, na hilo nitalikumbuka mpaka naingia kaburini, kwamba nilitembea hatua zile nikimnyima.

"Hodi."

"Karibu, abaayo." Alijibu upesi mno. Alikuwa amesimama nyuma tu ya ile leso.

Ndani palikuwa na ubaridi wake ule. Kijana wake alikuwa mkekani anatambaa. Nilikaa kabla sijaambiwa.

"Nimekuja kwa ile ya tano," nikasema.

Hakunyoosha mikono. "Sema yote," akasema. "Neno nusu sitaki. Kesho usiseme ni homa ilisema."

Nikasema yote. Nikasema namruhusu amnyonyeshe mwanangu mara ya tano, awe mwanawe wa kunyonya, na watoto wake wawe kaka na dada zake, mbele ya Mwenyezi Mungu. Nilikuwa na Kiswahili kingi kwa kila jambo katika maisha yangu, lakini sentensi ile ilitoka vipande vipande.

"Baba yake?"

"Nimekubali," mume wangu akasema nje, ametupa mgongo, anautazama mwarobaini.

Akamtazama kijana wake aliyekuwa ananivuta kanzu. "Haye, waryaa, umekosa bibi," akamwambia. "Huyu ni dada yako sasa. Utalinda yeye." Hapo ndipo alipocheka, kidogo, na mimi nikacheka naye, kwa pande zote mbili za mdomo. Kisha akajifunika mtandio, akasema bismillahi, akanyoosha mikono. Nikampa.

Nilikuwa nimepanga kugeuza uso. Akaniona nageuka.

"Hapana, abaayo. Wewe kaa mbele yangu, uone. Hii si ya kuficha. Na usimtoe, mimi pia simtoi. Lazima aache mwenyewe, ndiyo imehesabika."

Basi nikakaa, nikatazama. Mwanangu alipiga kwikwi mbili tatu za kilio kilichobaki, akamshika, akameza. Nilisikia kila funda. Rangi ilimrudia masikioni kwanza. Mkono wake ukapapasa hewani, ukitafuta, na nikauona unakotafuta, na jirani yangu akauona pia. Angeweza kumpa kidole chake. Aliniashiria kwa jicho tu. Nikasogea nikampa changu, mwanangu akakibana, akaendelea kunyonya kwa mwenzangu.

Maziwa yangu yakashuka. Yalilowesha kanzu mpaka kiunoni, maziwa yenye dawa ambayo hayakuwa na faida kwa mtu yeyote, na jirani yangu akanivutia taulo kwa mguu. Wivu ulikuwa bado uko pale pale. Nilikuwa nimedhani ukishatoa kwa mkono wako unakwisha. Nilikaa nao mkekani, mgongo umeegemea ukuta, kidole changu kwenye ngumi ya mtoto, nikingoja ashibe, nikingoja amwache mwenyewe.

Mwanangu hakuwa na haraka.